Nyumba ya Simbilisi wa Bibi Wivina

Sogeeni karibu na moto, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Na wewe uliyeegemea mlango huko nyuma, shukuru kwamba kuna mlango wa kuegemea. Utanielewa baadaye.

Palikuwa na mama mmoja huku kwetu juu, Njombe ya baridi, ambako mwezi wa sita na wa saba sakitu, ule umande ulioganda, hushuka alfajiri na kubabua viazi shambani kama vimemwagiwa maji ya moto. Jina lake Wivina. Alizaa watoto watatu, wote wakakua, na watu wa kijijini walisema kila mmoja alizaliwa na chake.

Gaudensi, wa kwanza, alizaliwa na mikono. Mpe ubao uliopinda, kesho anakuletea kiti. Alikuwa na karakana pale barabarani, na milango mipya ilikuwa imeegemezwa ukutani mingi kiasi kwamba wapita njia walilazimika kushuka mtaroni.

Leokadia, wa pili, alizaliwa na pua. Msicheke. Alikuwa ananusa maziwa ya leo na kukwambia kesho hayanyweki. Alimnusa mtoto akasema huyu ana homa, na mtoto mwenyewe bado anacheza. Alifuga ng'ombe wa maziwa, na ghala lake la majani makavu lilijaa mpaka darini.

Tulizo, kitinda mimba, alizaliwa na ulimi. Aliuza mitumba mjini Makambako, marobota kwa marobota, blanketi na makoti. Watu walisema Tulizo anaweza kukuvua koti lako mwenyewe, akakuuzia, na ukaondoka unamshukuru.

Na mama yao je, alizaliwa na kipaji gani? Hilo hakuna aliyewahi kuuliza. Haya, tuendelee.

Bibi Wivina aliishi jikoni. Nyumba kubwa ya mbele iliporomoka kwa mvua mwaka uleule aliofariki mume wake. Watoto walisema wataijenga. Wakasema tena mwaka uliofuata. Wakaendelea kusema. Basi mama akahamishia kitanda chake jikoni, kando ya mafiga, akakaa humo na simbilisi wake.

Simbilisi mnawajua nyie, lakini kuna wageni hapa. Ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanono, wakubwa kuliko panya na wadogo kuliko sungura. Huku kwetu hawajengewi banda. Wanaishi jikoni na watu, wanalala karibu na majivu, wanakimbia chini ya kitanda, ukimenya mahindi wanakuzunguka wakidai maganda. Wengi tunawafuga kwa kitoweo. Bibi Wivina wake hakuwala. Wa kwanza wawili marehemu mume wake aliwaleta ndani ya mfuko wa koti siku aliyokuja kuposa, akawatoa mbele ya wakwe, mmoja akamkojolea mshenga. Hawa waliobaki walikuwa wajukuu wa vitukuu vya wale. Alimjua kila mmoja. Alipoingia wakisikia tu miguu yake walipiga kelele wote, kwii kwii kwii, naye akawajibu, "Kamwene, kamwene, nimefika jamani."

Sasa, kifua kikaanza kumsumbua. Kikohozi asubuhi, kikohozi jioni. Mganga wa zahanati akamsikiliza mgongo akamwambia, "Bibi, huu ni moshi. Jikoni uhame. Una watoto, nenda kaishi kwa mmoja wao."

Ukisikia hivyo unaona ni jambo jepesi. Lakini Bibi Wivina alirudi njia nzima anatetemeka, na wala si kwa baridi. Alikuwa na shoga yake, Ezelina, ambaye mwanawe alimchukua mjini kwa mbwembwe, na majirani wakapiga vigelegele. Huko mjini akalazwa stoo pamoja na magunia ya mbolea. Alirudi kijijini ndani ya sanduku. Tangu siku ile Bibi Wivina alikuwa na hofu moja tu duniani, hofu ya kulazwa mahali na mtu asiyemwona. Aliwapenda watoto wake wote watatu. Ila hakujua yupi kati yao angemlaza vizuri, na jambo kama hilo humwulizi mtu usoni, maana kila mmoja atasema mimi.

Akapata wazo. Akawaita wote, wakaketi jikoni wakifuta macho kwa moshi.

"Nimekubali kuhama," akasema. "Lakini hawa siwaachi. Wao kwanza. Watafutieni nyumba inayowafaa. Wakitulia humo, wakanenepa, wakazaa, basi yule aliyewapa nyumba nitampa kiwanja hiki chote."

Watatu wale wakatazamana. Kiwanja kile kilikuwa barabarani. Gaudensi karakana yake ilikuwa kwenye eneo la watu na alishaambiwa aondoke. Leokadia alikuwa ameachika na anaishi kwa kupanga, yeye na ng'ombe wake, kwa mwenye nyumba anayemnunia. Tulizo alitaka ghala la kuhifadhi marobota. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli, msije mkasema baadaye sikuwaambia.

Kilichobaki mama hakukisema. Alikiweka moyoni: atakayejua kumlaza vizuri kiumbe asiyeweza kusema, kwa huyo ndiko nitakakozeekea.

Gaudensi ndiye aliyetangulia, na hapo lazima nimsifu. Mtu mwingine angepiga tu sanduku. Yeye alikuja akalala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, shavu kwenye majivu, akawatazama simbilisi asubuhi nzima wanavyokwenda. Akaona hawapandi wala hawaruki, wanataka uwanja wa kukimbilia, si urefu wa kwenda juu. Akaona wakishtuka wanatafuta kona yenye giza. Akaona nyayo zao ni laini kama kidole cha mtoto, kwa hiyo sakafu ya wavu wa chuma ingewachuna. Akajenga nyumba ndefu, pana, fupi kwenda juu, yenye kichumba cha kujificha pembeni na miguu minne ya kuinua nyumba juu ya udongo. Akaiweka ubavuni mwa jiko, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Watu walikuja kuitazama. Mama alitabasamu akasema, "Mikono hii, mwanangu, Mungu akubariki."

Lakini aliijenga kwa mbao alizokuwa nazo, na huku kwetu mbao ni paina, tena mbichi, imetoka kupasuliwa. Hazikupita siku nyingi simbilisi wakaanza kupiga chafya. Macho yakatoa machozi. Leokadia akaja, akaingiza kichwa ndani ya ile nyumba, akakitoa.

"Kaka, unawaua."

"Nawaua kwa kipi? Angalia kazi hii!"

"Kazi nzuri. Ila utomvu wa paina unawaingia puani. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma. Wanataka mbao kuukuu."

Gaudensi alifura, kisha akakubali, maana pua ya dada yake haikuwahi kukosea. Kuta na paa akazipata kwenye mabaki ya nyumba iliyoporomoka. Sakafu ikamshinda. Sakafu ilitaka ubao mmoja mpana usio na ufa, wa kuzuia baridi ya chini. Akatafuta, akatafuta, halafu akasimama anautazama mlango wa jiko la mama yake.

"Mama," akasema, "mlango huu umekaushwa na moshi tangu kabla sijazaliwa. Hauna utomvu hata tone. Tena una harufu ya kwao. Wakiulalia wataona wako nyumbani."

Alisema kweli tupu. Bibi Wivina aliutazama ule mlango. Mume wake ndiye aliyeutundika.

"Na jiko?"

"Nitakuletea mwingine. Milango unaijua, ninayo mingi."

"Naijua, mwanangu. Chukua."

Akaung'oa, akaulaza mzima ukawa sakafu, akatundika gunia pale mlangoni pa jiko. Mama alikaa kitandani akamsubiri ageuke atazame ndani aone upepo unavyolipepea lile gunia. Gaudensi alikusanya misumari yake akaenda. Aliipenda kazi yake, akilini alikuwa nayo hiyo tu.

Kisha Leokadia. Naye nimsifu, maana chafya zilikwisha lakini matumbo yakaanza. Simbilisi walilala juu ya mbao tupu, na majani yaliyokatwa nje yalikuwa na ukungu, wakala, wakavimba, wakaharisha. Leokadia aliinama pale kila asubuhi kabla ya kukamua. Alinusa kila kona. Aliwapangusa makalio kwa maji ya vuguvugu, mmoja mmoja, kama watoto wachanga. Akasema wanahitaji majani makavu, mengi, ya kulalia na ya kutafuna, yasiyo na unyevu hata kidogo.

"Si unayo ghala zima?" Gaudensi akamwambia.

"Yangu nimeyapulizia dawa ya wadudu. Ng'ombe anahimili. Hawa watakufa."

Kweli tupu, hilo nalo. Akainua gunia la mlangoni akaingia jikoni, akaona hakuna mlango, akasema moyoni, kaka atarudisha. Akanusa hewani. Akainama juu ya kitanda cha mama yake. Bibi Wivina alikuwa analalia godoro la kushona mwenyewe, gunia lililojazwa majani ya mlimani yaliyokaushwa juani na kufukizwa na moto wa jikoni kila siku.

"Mama, haya ndiyo. Wilaya nzima hakuna majani makavu kama haya."

"Ndiyo ninayoyalalia, Leo."

"Nitakuletea godoro la sponji, mama. Jumamosi nikiuza maziwa. Majani yanakuchoma mbavu hata hivyo."

Mama akakohoa. Akasubiri binti yake, mwenye pua ya kunusa homa kabla haijaingia, anuse kitu. Leokadia alikuwa ameshika fungu la majani, ameuzika uso humo, anavuta harufu yake kwa furaha.

"Chukua, mwanangu."

Akalikamua lile godoro mpaka likabaki gunia. Jumamosi ile ng'ombe mmoja akashikwa na ugonjwa wa kiwele, pesa ya maziwa ikaenda kwenye dawa. Si kwamba alisahau. Alikumbuka na akaona aibu, kwa hiyo akapita njia nyingine.

Baridi ikazidi. Simbilisi sasa walikuwa wazima, wanakula, na majike mawili yana mimba kubwa yanatembea yakiyumba. Lakini upande wa mbele wa ile nyumba ulikuwa wa fito tu, wazi kwa ajili ya hewa, na usiku walijikunja pamoja wakitetemeka. Hapo ndipo Tulizo alipofika kutoka Makambako na blanketi jipya kabisa begani. Akalitundika mbele. Simbilisi wakarudi nyuma wote, wakasongamana kwenye kona ya mbali, wakaacha kula.

"Linanuka dawa ya nondo," Leokadia akasema. "Ya robota yote yananuka hivyo. Hata ukilifua haitoki leo wala kesho."

Tulizo hakubishana. Aliingia jikoni, akaona kitanda kimekuwa bapa, akasema moyoni, dada ataleta. Akaketi miguuni pa mama yake, akamshika mkono.

"Mama, nikuulize. Baba aliwaleta hawa kwenye koti lake, eti?"

"Mfukoni. Wawili."

"Kwa nini hawakuogopa?"

"Walikuwa wanasikia joto lake."

"Basi hawa wa leo joto wanalolijua ni lako. Wametolewa humu ndani hawajui wamekosa nini. Usiku wanakusikia unakohoa upande wa pili wa ukuta na hawawezi kuja. Ningekuwa mimi ningelia, mama. Laiti wangekuwa na kitu chako kimoja tu."

Mama akaangalia blanketi alilojifunika magotini. Zito, la kijivu, la siku ya harusi yake.

"Unasema hili."

"Mimi sijasema. Umesema wewe. Nitakuletea mawili, mama, nikirudi mjini tu. Robota halijafunguliwa."

Na machozi yalimtoka Tulizo, ya kweli, kwa maana ulimi ule ulikuwa na kawaida ya kumshawishi mwenyewe kwanza. Bibi Wivina alilikunja blanketi akampa. Akamtazama anavyotoka. Hakusema, na mkipandwa na hasira siwalaumu, kwa sababu hapo hata mimi hupandwa: angefungua mdomo. Angesema tu, nasikia baridi. Maneno mawili. Lakini alikuwa ameamua kuwapima, na ukishaanza kumpima mtu unaona ukisema umeharibu kipimo. Tena alikuwa na kiburi kidogo. Alitaka aonwe, si aombe.

Sakitu ikashuka.

Alfajiri kijiji kizima kilikuwa cheupe. Watu walikimbilia mashambani, wakapiga mayowe, viazi vyote vimekuwa vyeusi. Watoto wa Bibi Wivina nao walikuja mbio, Tulizo akiwa bado hajarudi mjini. Walikimbilia wapi? Mmeshajua. Walikimbilia nyumba ya simbilisi.

Gaudensi akainua blanketi. Joto likamgonga usoni. Simbilisi wote walikuwa wazima, wamezama ndani ya majani mpaka masikioni, na katikati yao walikuwepo wadogo, wamezaliwa usiku uleule, na mnajua mtoto wa simbilisi anazaliwa na manyoya na macho wazi, ni mzee tayari. Wakawa wanatembea.

"Wamezaa!" Leokadia akapiga kigelegele.

"Sakafu hiyo," Gaudensi akasema. "Baridi yote imeishia chini ya sakafu."

"Bila majani? Sakafu peke yake ingewagandisha!"

"Na bila blanketi?" Tulizo akauliza. "Semeni basi. Bila blanketi?"

Wakaanza kubishana wakiwa wanacheka, halafu wakaacha kucheka.

Bibi Wivina aliwasikia. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye gunia tupu, amejifunga vitenge vyake vyote. Upepo ulikuwa umeingia usiku kucha ukatawanya majivu, na moto ukazimika, na hakuwa na nguvu ya kuuwasha. Kila pumzi ilimchoma ubavuni. Akajivuta mpaka mlangoni, akalishika lile gunia lililotundikwa, likakatika, akaanguka nje juu ya sakitu.

Hapo wakamwona.

Walipiga kelele wote, "Mama!" Wakamkimbilia, wakamwinua. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Zahanati iko juu ya kilima, njia mbaya, na mtu wa namna ile humpakati tu, lazima umlaze.

"Tafuteni kitu cha kumbebea!" Gaudensi akasema.

"Ubao mpana," Leokadia akasema.

"Na cha kumfunika," Tulizo akasema.

Wote watatu wakageuza vichwa kwa pamoja, wakaitazama nyumba ya simbilisi. Mlango ulikuwa pale. Majani yalikuwa pale. Blanketi lilikuwa pale, lenye joto. Lakini kuutoa mlango ni kuivunja nyumba nzima, na wadogo wamezaliwa usiku huu, na sakitu iko chini. Mama alikuwa amesema wakitulia, wakanenepa, wakazaa. Atakayevunja atakuwa amevunja. Gaudensi alimtazama Leokadia. Leokadia alimtazama Tulizo. Tulizo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikosa la kusema.

Hawakusimama pale muda mrefu. Wao wanaapa ilikuwa kufumba na kufumbua, na huenda ni kweli. Lakini mama yao alikuwa amelala mikononi mwao, macho wazi, anawatazama wanavyotazama.

Jirani, Mzee Luvanda, aliyekuwa anapita na toroli la viazi vilivyoungua, akavimwaga njiani. "Mnangoja nini nyie? Mlazeni humu!" Akavua koti lake akamfunika. Wakamsukuma mpaka kilimani.

Hakufa. Nimefurahi kuona mmepumua. Ilikuwa kichomi, pafu moja likaharibika, zahanati ikampeleka hospitali, akalazwa wiki kadhaa. Na nisiwafiche, watoto walimuuguza. Gaudensi alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Leokadia alimwogesha, hakukubali nesi amguse. Tulizo alimlisha supu kwa kijiko akimsimulia vichekesho, akilia kila akitoka nje. Siku moja akamwuliza, "Mama, mbona hukusema kama unaumia kwa baridi?"

"Mbona hamkuuliza?"



Siku ya kutoka hospitali wakamrudisha kwake, kwenye kiwanja. Mjomba wao Fulugensi, mdogo wake mama, alikuwa ameitisha kikao cha ukoo, kwa kuwa ugomvi wa watoto ulikuwa umeshafika masikioni mwa watu. Walimweka Bibi Wivina kwenye kiti, juani, karibu na nyumba ya simbilisi. Simbilisi wakasikia sauti yake anakohoa, wakaanza wote, kwii kwii kwii. Alizoea kuwajibu. Siku hiyo hakuwajibu. Akanyoosha mkono tu, akapapasa blanketi lake. Lilikuwa na joto.

"Dada," mjomba akasema, "uliahidi mbele ya watoto. Simbilisi wametulia, wamenenepa, wamezaa. Wewe hujawahi kuvunja neno lako. Nani aliwapa nyumba?"

"Mimi," Gaudensi akasema. "Nilijenga. Na nimekuja na mlango, mama, huo hapo, mninga, nimeupiga randa mwenyewe." Kweli aliuleta, ulikuwa umeegemea ukutani, haujatundikwa.

"Mimi," Leokadia akasema. "Wangekufa mara mbili bila mimi. Na kaka ana mke na nyumba, mimi sina pa kuweka hata kichwa." Godoro la sponji lilikuwa miguuni pake, bado limo kwenye nailoni.

Tulizo alishika mablanketi mawili. "Mimi. Usiku ule wa sakitu ndio uliokuwa mtihani, na kilichowapitisha ni blanketi."

Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, kwa ile sauti yake mpya ya pafu moja.

"Leo nitalala wapi?"

Watatu wakasema kwa pamoja. Gaudensi alisema kwa Leokadia, ni mwanamke mwenzako, atakuogesha. Leokadia alisema kwa Tulizo, ana nyumba ya umeme na zahanati iko jirani. Tulizo alisema kwa kaka, mkubwa ndiye baba sasa. Wakasikia walichokisema. Wakainamisha vichwa. Kisha Gaudensi akasema kwa sauti ya chini, "Atakayepata kiwanja atakujengea chumba, mama. Hilo kila mmoja wetu atalifanya." Na wenzake wakaitikia ndiyo, na nadhani hawakusema uongo.

Mzee Luvanda alikuwa amesimama nje ya ua. Alikuja kuchukua koti lake.

Bibi Wivina akaangalia jua. Lilikuwa limeshaanza kushuka, na mbingu haina wingu, na sisi wa huku tunajua mbingu ya namna hiyo mwezi wa saba huleta nini. Jiko lilikuwa nyuma yake, halina mlango, halina godoro, halina blanketi, na hakuna aliyekuwa amewasha moto. Akafungua mdomo atoe hukumu.

Mimi naishia hapo. Msinigunie! Msimuliaji akiamua, nyie mtafanya nini?

Haya. Bila mikono, simbilisi wasingekuwa na nyumba. Bila pua, nyumba ingewaua. Bila ulimi, sakitu ingewamaliza. Na kila kilichowaokoa kilitoka kwa mama, kwa hiyo labda aliyewapa nyumba ni yeye, na kiwanja ni chake, na alale humo peke yake. Au avunje ahadi, yeye aliyeshika neno lake maisha yote, ampe kiwanja mwenye toroli, ambaye simbilisi hakuwapa hata jani. Au kosa ni lake yeye aliyewapima watoto bila kuwaambia mtihani ni upi.

Naona huyu dada anatikisa kichwa, na mzee pale ameshaanza kubishana na mkewe. Vizuri, bishaneni. Ila jibu lenu liwe na vitu viwili, sitaki kimoja: nani apewe kiwanja, na mama alale wapi. Tena msichelewe. Wakati mnafikiri, yeye bado amekaa pale nje, na jua ndilo hilo linazama.